Hodi za Maalim Famau kwenye Pwani ya Barafu

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza bahari akaiwekea mipaka, na ambaye hakuna chombo kizamacho wala kieleacho ila kwa idhini yake. Na rehema na amani zimfikie Mtume wake, aliyewafunza watu adabu ya kuingia na adabu ya kutoka.

Aliyetemwa na bahari hapigi hodi.

Mliisikia jana, wanangu, ikitoka kinywani mwa bibi yenu Mwanasiti, pale jirani yetu Bwana Kheri alipofukuzwa na punda mkorofi, akajitupa ukumbini mwetu bila salamu, akajibanza nyuma ya mlango pamoja na mafagio. Mkacheka, kisha mkauliza: bahari iko wapi katika habari ya punda? Swali lenu ni la haki. Methali hii ilianza hivi.

Kwanza tuwapange watu, kila mmoja mahali pake, kwa maana hadithi isiyopangwa watu ni kama safu ya sala isiyonyooshwa. Zama za meli za makaa, palikuwa na mabaharia watatu wa pwani hii yetu katika meli moja ya Wazungu iliyobeba chumvi. Wa kwanza kwa umri na kwa cheo alikuwa Serehangi Athmani Kitwana, mkuu wa mabaharia, mzee mkavu kama ng'onda, ambaye sauti yake ilisikika juu ya dhoruba. Wa pili alikuwa Bunu Shebwana, mpishi, mtu wa Lamu, mkono wake mwepesi kwa viungo na ulimi wake mwepesi zaidi. Wa tatu, ambaye habari hii ni yake, alikuwa Maalim Famau bin Lali wa Siyu, mchochea moto.

Maalim Famau hakuzaliwa kuchochea moto. Alikuwa mwalimu wa chuo, aliyejiandikisha melini kwa nia ya kufika Hija kwa jasho lake mwenyewe. Na meli ile, tangu siku alipoipanda, ilikuwa imetia nanga katika kila bandari ya dunia isipokuwa Jidda. Alisubiri. Alichochea makaa kwa mkono wa kulia na kuvuta uradi kwa mkono wa kushoto. Na katika mambo yote ya adabu, hakuna lililomkaa moyoni kama adabu ya kuomba idhini. Alikuwa amewasomesha watoto miaka kumi na saba kwamba mja haingii nyumba isiyo yake mpaka atoe salamu na kuomba ruhusa. Kwamba ataomba mara tatu, na asipojibiwa atarudi alikotoka bila kinyongo. Kwamba hatasimama akiukabili mlango, bali ataupa ubavu au mgongo, jicho lake lisije likaiba siri za watu. Basi hata humo melini alipiga hodi kabla ya kuingia katika chumba cha wachochea moto, ambamo yeye mwenyewe alikuwa na kitanda.

"Maalim huyu," Bunu alikuwa akisema, "sufuria ya wali haifunui mpaka imwambie karibu."

Maalim alikuwa akitabasamu tu. Alijua kwamba wapishi hawakuumbwa kwa ajili ya elimu.

Ikawa katika majira ya baridi, meli ile ilipelekwa kaskazini ya mbali katika bahari ya Atlantiki, kwenye pwani ambako barafu huelea juu ya maji kama nyumba zilizong'olewa na misingi yake. Pwani hiyo ina sifa mbaya miongoni mwa mabaharia. Miamba yake imelala chini ya maji kama meno ya msumeno, na ukungu wake ni mzito kama uji wa ngano. Asubuhi moja, Maalim akiwa ndiyo kwanza ametoa salamu ya kumaliza sala yake, mwamba mmoja uliingia ndani ya meli bila kuomba idhini ya mtu yeyote.

Maji yakaijaza ngama, yaani tumbo la meli, na shehena yote ya chumvi ikayeyuka ikarudi baharini, kwao ilikotoka. Nahodha na watu wengi walipata mashua ya kwanza, nao walifika salama katika bandari ya kusini. Nawaambieni mapema msije mkawahurumia bure. Mashua ya pili iliwachukua watu wetu watatu waliochelewa: Serehangi kwa kuwa alikataa kutangulia, Bunu kwa kuwa alirudi kuchukua kisu chake, na Maalim kwa kuwa alikuwa akiwapisha wengine ngazini, "Tafadhali, wewe kwanza," mpaka ngazi ikabaki haina mtu.

Wimbi la ufukweni likaipindua mashua ile, likawatema wote watatu juu ya kokoto. Serehangi alivunjika mguu. Bunu alipoteza viatu vyote viwili. Maalim hakupata jeraha, ila kilemba chake kilikwenda na maji, akajifunika kichwa na mabega kwa gunia jeupe la chumvi lililofika pwani pamoja naye.

Theluji ilikuwa ikianguka. Walimburura Serehangi mpaka chini ya jabali lililojitokeza mfano wa kibaraza, na kutoka hapo wakaona, mwendo wa hatua mia tatu juu ya mteremko, nyumba moja ya mbao yenye dohani, na dohani inatoa moshi.

"Moto ule," Serehangi alisema, meno yakigongana, "usiponifikia mimi, au mimi nisipoufikia, kabla ya adhuhuri mtakuwa mnanitafutia sanda. Mmoja abaki anisugue mikono. Mmoja aende akawaite wenyewe waje na machela."

"Niende mimi," alisema Bunu. "Kiingereza cha jikoni ninacho."

"Wewe huna viatu, na ukifungua mdomo wako tutafukuzwa hata huku jabalini. Aende Maalim. Mtu mwenye adabu hafukuzwi popote."

Maalim akapanda. Upepo ulimpiga usoni, na ndevu zake, ambazo zilikuwa na maji ya bahari, zikawa ngumu kama ufagio wa chelewa. Alipoufikia mlango hakuukabili. Aliugeuzia mgongo, akakohoa mara mbili ili kama mna wanawake wapate kujisitiri, kisha akanyoosha mkono nyuma yake, akagonga mara tatu kwa taratibu.

"Hodi!"

Ndani palikuwa na taa na sauti za watu. Taa ikazimwa.

"Hodi wenyewe!"

Kiti kikabururwa. Sauti zikakatika.

"Hodi, hodi!"

Kimya. Maalim alihesabu muda wa rakaa mbili, sawasawa na alivyofundishwa, kisha akashusha gunia lake vizuri, akateremka mteremko wote.

Bunu alipomwona anarudi peke yake, aliacha kuusugua mkono wa Serehangi. "Machela iko wapi?"

"Hawakunijibu."

"Hawamo?"

"Wamo. Nimewasikia. Lakini nimebisha mara tatu, sikupewa idhini, nimerudi. Huenda walikuwa katika faragha."

"Ukarudi! Umerudi wapi, Maalim? Hapa ni kwako? Hapa ni kwa papa!"

"Usimpigie kelele," Serehangi alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua nusu. "Maalim, nenda tena. Safari hii jitambulishe. Labda wanadhani ni mwizi."

Maneno hayo Maalim aliyaona ya haki kabisa, tena akajilaumu, maana abishaye mlango ni juu yake kutaja jina. Akapanda mara ya pili. Akaupa mlango mgongo, akakohoa, akagonga mara tatu. Akatoa salamu kamili, isiyopunguzwa hata herufi, kwa sauti ya mtu anayesomesha. Kisha, katikati ya theluji iliyomfika magotini, akajitambulisha.

"Mimi ni Famau bin Lali bin Skanda bin Bwana Mkuu, wa Siyu, mtaa wa msikiti mkongwe, kabila letu halina neno baya..."

Alipofika kwa babu wa tano, kitu cha udongo kilianguka ndani kikavunjika, na mwanamke akasikika akisoma maneno kwa haraka, kama mtu anayevuta uradi. Alipofika kwa babu wa saba, dirisha dogo la pembeni likafunguliwa upana wa kiganja. Mkono mweupe ukatoka, umeshika kichupa. Ukamnyunyizia maji mara tatu, mara mbili begani na mara moja shingoni, na dirisha likafungwa kwa kishindo.

Maalim alisimama pale akitetemeka, lakini moyo wake ulichangamka. Aliteremka mbio.

"Habari njema!" alisema. "Wamenirashia!"

Bunu alimtazama. "Wamekufanyaje?"

"Wamenirashia maji, mara tatu, kama wanavyorashiwa marashi wageni wa harusini. Ni watu wastaarabu sana. Bila shaka wanaandaa nyumba, kisha watatuita."

"Maji," alisema Bunu polepole. "Sisi tumetoka kwenye maji. Bahari nzima imetupitia puani. Nao wakakuongezea."

"Ni heshima, Bunu."

"Marashi yananukia, Maalim. Hayo yananukia nini?"

Maalim alinusa bega lake. Hayakunukia kitu, na tayari yalikuwa barafu.

Hapo ndipo walipotambua kwamba Serehangi hajasema neno. Mzee alikuwa ameacha kutetemeka. Midomo yake ilikuwa na rangi ya wino, na macho yake yalikuwa nusu wazi, yakitazama theluji kwa utulivu usiopendeza. Maalim akapiga magoti, akamshika uso. Alikuwa amewaosha maiti wengi Siyu, na mikono yake ilijua baridi ile inaelekea wapi.

"Serehangi!"

Mzee alivuta pumzi ndefu. "Maalim," alisema kwa sauti ya chini, "malaika mtoa roho... hubisha hodi huyo?"

"La. Habishi."

"Basi usimwachie atangulie."

Maalim alimbeba mzee mgongoni, mguu uliovunjika umefungwa kwa ubao wa mashua, akaanza kupanda. Na Bunu, miguu imeviringishwa vipande vya tanga, akafuata nyuma akisukuma. Njia nzima Maalim alisikia moyoni mwake wanafunzi wa miaka kumi na saba wakimsomea sheria ya idhini kwa sauti moja, naye alikuwa akiwajibu kwamba dharura nayo ina hukumu zake katika vitabu. Lakini jambo kulisoma kitabuni ni rahisi kuliko kulitenda mlangoni.

Walipofika, alisimama. Mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika miguu ya Serehangi. Kutoka ndani ilikuja harufu ya mkate na samaki wa kukaanga.

"Sukuma!" alisema Bunu.

"Hatujapewa idhini."

"Maalim!"

"Na kama mna wanawake wasiojisitiri?"

"Fumba macho!"

Maalim alisikiliza mgongoni mwake. Pumzi ya mzee ilikuja, ikakawia, ikaja tena. Basi akapiga moyo konde, akasema, "Ewe Mola, wewe unaijua nia yangu," akafumba macho kwa nguvu zote, akausukuma mlango kwa bega. Haukuwa na ufunguo wala komeo. Uliachia mara moja, naye akaingia mbiombio kama kipofu aliyepotewa na kiongozi, akapiga meza, akapiga benchi, akalipiga jiko la chuma kwa goti, na hapo akasimama, kwa kuwa palikuwa na joto.

Akangoja mayowe. Badala yake alisikia pumzi za watu wawili zikishuka kwa pamoja, kama mizigo inayotuliwa.

"Mungu asifiwe!" mwanamke alisema kwa lugha yake. "Wameingia bila kugonga. Ni watu hawa, Maiko. Toka chini ya meza."

Bunu alimfasiria Maalim. Maalim akafumbua jicho moja. Aliona mwanamke mzee, amejisitiri kwa shali kuanzia kichwani kuliko hata wanawake wa Siyu, tasbihi mkononi. Na chini ya meza aliona mwanamume wa miaka arobaini, mpana kama mlango, anatoka kwa mikono na magoti. Mwanamke huyo jina lake Bibi Honora, na mwanamume ni mwanawe. Hawakuuliza lolote. Walimtwaa Serehangi, wakamvua nguo zilizoganda, wakamfunika mablanketi manne, wakamwekea matofali ya moto miguuni. Chai ikamiminwa. Ndipo Maiko akamgeukia Bunu.

"Mngechelewa kidogo tu mngetukuta tumekufa kwa hofu. Tangu asubuhi tunagongewa na mzimu."

"Mzimu?"

"Wa mtu aliyezama. Amekuja mara mbili. Mrefu, kavaa sanda nyeupe kuanzia kichwani. Haonyeshi uso, anatupa mgongo tu. Anakohoa, anagonga mara tatu, anaita kwa lugha ya wafu, kisha anateremka kurudi baharini."

Bunu aliweka kikombe chini. "Na hiyo mara ya pili?"

"Mara ya pili alitaja majina ya wenzake wote waliozama! Mama alihesabu saba. Mpaka alipommwagia maji ya baraka ya kanisani ndipo akakimbia."

"Alikimbia kweli," alisema Bunu. "Nilimwona anavyoteremka. Tena alifurahi mno." Kisha akamnyooshea Maalim kidole. "Mzimu wenu huyu hapa. Kwao ni mwalimu wa chuo."

Wakatazamana. Maalim, ambaye hakuelewa neno ila alikielewa kidole, akasimama, akaweka mkono kifuani, akawainamia kwa heshima. Gunia la chumvi lilikuwa bado kichwani pake. Maiko akarudi nyuma hatua mbili. Lakini Bibi Honora akaangua kicheko mpaka shali ikamtoka begani, na Maalim akafumba macho tena.

Alipopata pumzi, mama yule alieleza, na Bunu akafasiri. Katika pwani ile, alisema, hakuna mwenye kugonga mlango. Jirani hunyanyua kitasa, huingia, huketi kwenye benchi la jikoni, na maneno hufuata baadaye. Milango haifungwi majira ya baridi, maana meli huvunjika kila mwaka, na mtu aliyetoka majini huenda asiwe na nguvu hata ya kukunja ngumi. Wanaogonga ni wale tu ambao maji hayakuwaachia. Hao hubisha, wakaomba. Na ole wake awajibuye.

"Mwambie rafiki yako alikumbuke hili," Bibi Honora alimaliza. "Aliyetemwa na bahari hapigi hodi. Anayepiga hodi ni yule aliyebaki humo."

Maalim akamwomba Bunu amwombee msamaha mwenye nyumba kwa kuingia bila idhini. Bibi Honora akamjibu kwamba idhini ilikuwapo tangu siku mumewe alipoutundika mlango ule. Maalim mwenyewe ndiye aliyekuwa akiikataa asubuhi nzima, na kuwaweka watu wa nyumba chini ya meza.

Hata jioni majirani tisa walikuwa wamekwisha kuingia kuwatazama wageni. Hakuna aliyegonga. Kila kitasa kiliponyanyuka Maalim aliruka wima akasema, "Karibu, karibu," mpaka Bunu akamvuta kwa nguo. "Keti, Maalim. Mgeni hamkaribishi mwenyeji."

Serehangi alizinduka baada ya magharibi. Aliyatazama mablanketi, akalitazama jiko, kisha akamtazama Maalim aliyekuwa ameketi karibu na kichwa chake, akimsomea dua.

"Maalim," alisema, "ulipiga hodi?"

Maalim Famau akainamisha kichwa kama mwanafunzi aliyekosa somo. "Sikupiga."

"Alhamdulillahi," alisema Serehangi, akaomba chai.

Walikaa katika nyumba ile mpaka barafu ilipopasuka na meli nyingine ikapita. Serehangi alirudi kwao akichechemea, akaishi miaka mingi, na kila palipotajwa adabu mbele yake alisimulia kisa hiki. Kwa ulimi wake na wa Bunu neno la Bibi Honora likaenea kutoka Mombasa hadi visiwani. Maalim Famau naye alirudi chuoni Siyu baada ya Mungu kumjaalia Hija. Aliendelea kuwafunza watoto kuomba idhini mara tatu na kuupa mlango mgongo, wala hakupunguza neno. Ila walipokwisha kulihifadhi somo hilo, aliwaongezea jingine: kwamba mwenye dhiki asiyesema dhiki yake huifanya adabu kuwa kaburi, na kwamba mwenye nyumba aliyesikia hodi asizime taa, bali atazame ni nani.

Basi mtu akijiwa na maradhi usiku akakuamsha bila salamu, au moto ukimtoa mtu kwake akajitupa kwako hana hata viatu, au jirani akikimbizwa na punda, msimuulize adabu yake kaiacha wapi. Mpeni kwanza mahali pa kukaa. Salamu atazitoa akishapata pumzi. Nanyi siku mtakapokuwa hao, Mungu apishe mbali, msisimame nje mkitaja babu saba.

Ewe Mola, warehemu waliochukuliwa na maji, waliozikwa pwani zao na waliozikwa pwani za watu. Na hawa waliobaki, wa nyumba hii na wa kila nyumba, wazidishie umri katika utiifu, wajaalie milango isiyo na komeo mbele ya mwenye shida, na nyoyo zisizo na komeo kuliko milango. Amin.

Aliyetemwa na bahari hapigi hodi.